Mfinyanzi alishazikwa, vyungu vyake vikaendelea kufika Segera

Wakuu, habari za jioni.

Naandika haya nikiwa na akili zangu timamu na sijanywa kitu. Wale wenzangu wa "hii chai" nawaomba mfike mpaka chini kwanza, ndipo mniletee sukari.

Majina yote nimebadilisha. Ruhusa ya kusimulia nimepewa na mzee mwenyewe.

Mimi ni mkazi wa Masuguru, Korogwe, nauza spea za pikipiki. Ugonjwa wangu ni vyungu. Kuna watu wanakusanya jezi, mimi nakusanya vyungu na mitungi ya kufinyangwa kwa mkono ya huku kwetu, hasa iliyochorwa rangi. Sebule imejaa mpaka mgeni anakaa upande. Mke wangu anawaambia majirani kwamba nyumba ina vyungu kibao na bado anapikia sufuria.

Vya thamani zaidi kwenye collection yangu ni vya mama mmoja wa Kwedizinga, upande wa Handeni. Tumwite Mama Rehema.

Shingoni mwa kila chungu kuna majani madogo yaliyochorwa kwa udongo mwekundu na unyoya wa kuku. Ukishakijua chungu chake, huwezi kukichanganya na cha mtu mwingine.

Niliwahi kufika kwake mara moja. Alikuwa amekaa mkekani, kajifunika khanga mpaka viganjani. Mumewe, Mzee Athumani, ndiye aliyeniletea maji ya kunywa na kunipangia vyungu nichague.

Nikaomba nimwone akifinyanga. Akacheka. "Baba, huku mwanaume haangalii."

Hapa niwaeleze kidogo wa mbali. Ufinyanzi kule ni wa wanawake. Mwanaume hakanyagi wanakochimba udongo, haugusi, wala hasogelei moto wa kuchomea. Akigusa, inasemwa vyungu vyote vitapasuka, na yeye mwenyewe nguvu za kiume zitampungia mkono wa kwaheri.

Mimi bado nahitaji watoto, kwa hiyo sikubisha.

Basi mwaka huu nilipotea kidogo, biashara ilinibana. Majuzi natoka Tanga, nikashuka Segera kupata chai. Kwa mama anayeuza vyungu kando ya barabara nikaona majani yangu yale. Chungu kipya kabisa, ukikigusa unatoka na masizi.

Nikanunua bila hata kubembeleza bei.

Kesho yake nikakifunga nyuma ya pikipiki, huyo Kwedizinga. Nilitaka nimwonyeshe Mama Rehema aniandalie mtungi mkubwa wenye mchoro uleule.

Kabla ya kufika kwake unapita kwa Bi Mwantumu, ndiye mkubwa wa wafinyanzi wa pale. Nikamkuta anapepeta mahindi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wapi na jua hili?"

"Kwa Mama Rehema, nataka mtungi."

Akaweka ungo chini. "Mama Rehema tumeshamzika. Hata arobaini imepita."

Wakuu, badala ya kusema innalillahi nikatoa sentensi ambayo nikiikumbuka natamani kujizaba kofi.

"Haiwezekani bibi. Chungu chake hiki hapa, nimekinunua jana, bado kinatoa masizi."

Bibi akaja mpaka kwenye pikipiki. Akapitisha kidole juu ya yale majani, kisha akakitazama kidole chake.

"Kumbe wanayosema ni kweli," akasema taratibu. Akaondoka, ungo kauacha palepale.

Sikuelewa wanasema nini. Nikaenda kwa mfiwa kutoa pole, chungu nimekikumbatia maana sikujua nikiweke wapi.

Mzee Athumani alikuwa peke yake uani. Watoto wao wako mbali, kila mmoja na maisha yake. Nikampa mkono. Kwenye mistari ya kiganja chake na chini ya kucha kulikuwa na udongo uliokauka, wa kijivu, udongo wa vyungu.

Nilimtazama. Naye akakitazama chungu nilichobeba.

"Ingia ndani," akasema.

Chumba cha nyuma kilikuwa na vyungu sakafuni, vikavu, vinasubiri moto. Kingine kibichi kimefunikwa gunia lenye maji. Pembeni kipande cha kibuyu cha kukwangulia na kokoto laini la kung'arishia. Nilijiona kama nimemfumania mtu.

"Mkono wa mama yako ulikufa," akaanza. "Kiharusi, wa kulia wote. Miaka mingi sasa. Aliona haya, hakutaka wenzake wajue. Fundi wa kijiji kizima, leo aonekane hawezi kufunga hata khanga? Akaniambia, Athumani, kaa hapa, lete mikono yako."

Yeye anaelekeza kwa mdomo, mzee anafinyanga. Ukuta wa chungu ukiwa mnene anampiga kofi mkononi kwa mkono wake wa kushoto. Wenzake walimletea fungu lake la udongo kama kawaida, wakidhani anafinyanga mwenyewe. Kuchoma, mume na mke walichoma wenyewe kidogokidogo humo jikoni.

Yaani vyungu nilivyokuwa nikiwasifia wageni sebuleni kwangu, sijui hata vingapi vimefinyangwa na mwanaume.

"Majani ndiyo yalinishinda," akasema. "Futa, rudia. Futa, rudia. Hicho ulichokishika yamelala upande mmoja, na hapakuwa na mtu wa kuniambia."

Nikamuuliza kwa nini hakuacha baada ya mazishi.

"Kuna udongo ulibaki. Na nyumba imekuwa kimya mno."

Nililia, wakuu. Sioni aibu kuandika.

Hatujakaa sawa, tukasikia watu nje, tukatoka uani. Mwenyekiti wa kitongoji mbele, vijana wana fimbo, akina mama nyuma na Bi Mwantumu katikati yao.

"Mzee Athumani," mwenyekiti akasema, "watu wanauliza nani anafinyanga humu ndani. Wanasema mkeo hakufa, umemfanya msukule anakutumikia. Na huyu mgeni kaja na ushahidi."

Ushahidi wenyewe nilikuwa nimeupakata. Mnajua huku kwetu neno msukule likishatamkwa hadharani kuhusu mzee, linaishia wapi.

Nikamnong'oneza awaambie ukweli.

"Nikisema namvua nguo marehemu," akanijibu. "Watasema alimwingiza mwanaume kwenye udongo na kuwadanganya wenzake. Jina lake ndicho alichoniachia."

"Usiposema watakuua, baba."

Akaingia ndani, nikajua anakimbia kwa mlango wa nyuma, na kusema kweli nilimwombea akimbie.

Akatoka na beseni la udongo.

Akaukalia mkeka, akakanda donge, akaanza kufinyanga mbele ya kijiji. Kuna mama akajifunika uso. Kijana mmoja alicheka, akaona yuko peke yake, akaacha.

Kitako cha chungu kilipokaa sawa mzee akasimama, akainama, akawa anakizunguka chungu kinyumenyume huku mikono inavuta ukuta juu. Mzee wa miaka ile, anazunguka bila kujikwaa. Mimi nakusanya vyungu muda wote huo na sikuwahi kuona kikizaliwa. Mdomo ulibaki wazi.

"Huo mwendo ni wa Mama Rehema," Bi Mwantumu akasema. "Amekufundisha lini?"

"Tangu mkono wake ulipokufa, dada."

"Mkono gani?"

Mzee akawaeleza. Bibi akakaa chini, palepale kwenye vumbi.

"Tulisema ana maringo," akasema. "Haji kuosha vyombo kwenye shughuli. Haji kukanda na sisi. Tulimsema mpaka tunamzika."

Wanawake wakaanza kulia, si kwa kelele. Vijana wa fimbo wakapungua mmojammoja bila kuaga. Mwenyekiti akavua kofia akawa anaikunja na kuikunjua.

Nikadhani yameisha. Kumbe Bi Mwantumu alinyanyuka, akaingia chumba cha nyuma na wenzake, wakatoka wamebeba vile vyungu vikavu.

"Hivi ni vya mwenzetu, tunavichoma sisi. Wanaume mtupishe."

Tukawapisha mpaka nyuma ya mihogo, mimi na mzee. Moshi tunauona, moto hatuuoni. Chungu kikipasuka motoni kinalia kama risasi, na mzee alikuwa ametega sikio. Aliniambia upande wa upepo hawajaweka kuni za kutosha.

Nikawaza: vikipasuka, kila mtu atasema si mnaona, na jina la mama wa watu ndilo litakalobeba lawama.

Jua limeshapoa, Bi Mwantumu akaja mwenyewe, mikono imejaa majivu.

"Havijapasuka."

"Hata kimoja?" nikauliza mimi, mbea.

"Hata kimoja."

Tulitazamana wote watatu. Kitu tulichoambiwa tangu utotoni, kimekuja kuanguka nyuma ya mihogo mbele yetu. Nikajua sasa mzee anaruhusiwa.

"Athumani," bibi akasema, "mwenzetu tumemsamehe, na yeye atusamehe. Ila udongo wetu usiuguse tena."

"Nimesikia, dada."

Nikafungua mdomo. Mzee akanifinya paja, nikaufunga.

Vile vyungu wakagawana wao kwa wao, wakasema haviuzwi. Niliwaona wakivibeba vichwani kuelekea makwao, kila mmoja na chake.

Hasira zilikuwa zinanichemka. Namgeukia mzee nimwambie ameonewa, nikamkuta anatabasamu na machozi yanamtoka.

"Umeona walivyovibeba?" akaniambia. "Wamevibeba kama vya mke wangu."

Wakuu, mpaka leo sijapoa. Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa nanunua vyungu na kujiita mjuzi, wakati mama alikaa mbele yangu na mkono uliokufa chini ya khanga nami sikuuona, kama wenzake wa kila siku ambavyo hawakuuona.

Sasa nataka maoni yenu. Moto umeshatoa jibu lake, na mila nayo imesimama pale pale. Ingekuwa nyie, mngempa udongo au mngemnyima?

Semeni, nasoma comment zote. Ila Bi Mwantumu msimtukane. Ndiye anayempelekea mzee chakula cha jioni, na huwa anakaa naye mpaka amalize kula.