Kwenda Galveston na Mtoto Asiyenizoea

Jumapili moja nilirudi nyumbani kwetu Grand Prairie baada ya karibu wiki tatu za kuendesha lori majimboni. Binti yangu Nasra, ambaye hata miaka miwili na nusu hajatimiza, alikuwa amekaa zuliani anapanga vifuniko vya chupa. Nikachuchumaa mlangoni, nikafungua mikono, nikamwita. Akanitazama kama anavyotazama watu wa kuleta mizigo, kisha akakimbilia jikoni kwa mama yake.

"Si babako huyo?" mke wangu Rehema akamwambia. "Baba amekuja!"

Mtoto akatikisa kichwa. Akaenda mezani, akachukua simu ya mama yake, akaninyooshea ili anielimishe.

"Baba," akasema, akigonga kioo kwa kidole.

Nilicheka, maana sikujua la kufanya. Rehema hakucheka. Yeye ni mtu wa Mombasa, mimi wa Tanga. Tulikutana hapa hapa Texas, na siku za kazi yeye huhudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee. Jioni ile tulipokuwa tunakunja nguo aliniambia bila ukali wowote, "Mimi simlaumu mtoto. Babake akaa ndani ya simu. Akibonyezwa atoka, akibonyezwa tena aenda zake."

Wiki hiyo nilikuwa na jambo la kuamua. Kampuni yangu ilinitaka nichague, kabla ya Jumatatu iliyofuata, kati ya njia ndefu ya kwenda California, ambayo madereva wengi wanaitamani, na njia fupi ya Houston, asubuhi kwenda na jioni kurudi, ambayo wenzangu huiita kazi ya wazee. Moyoni nilishachagua California. Napenda barabara ndefu, ndugu zangu. Napenda jangwa linapofunguka mbele ya kioo na hakuna mtu wa kunisemesha.

"Kabla hujawajibu," Rehema alisema, "twende baharini. Sisi watatu tu. Mimi nitaendesha, wewe kaa nyuma na mwanao."

*

Ijumaa baada ya sala tuliondoka. Nasra alikuwa amefungwa kwenye kiti chake cha mtoto, nami nimebanwa pembeni yake, magoti yananigusa kidevu. Mtu anayeendesha trela nchi nzima alikuwa amekaa kama furushi katika gari dogo la mkewe. Tulipoingia barabara ya kusini, Nasra aligundua kuwa aliye pembeni yake ni mimi, si mama yake, akaanza kulia. Nikaimba. Akalia zaidi. Nikampa mkono auchezee, akausukuma. "No!" Neno hilo amejifunza kwa mlezi wake wa mchana, na hulitamka vizuri kuliko mimi.

Karibu na Corsicana nilimpa biskuti. Aliipokea, kisha akanigeuzia kisogo na kuila akiangalia dirishani. Niliona kwenye kioo cha mbele macho ya Rehema yakituangalia.

Kuanzia hapo njia ni malisho, ng'ombe, vituo vya mafuta na mabango ya mawakili. Mimi huijua kutoka juu, kwenye kiti cha lori. Siku ile niliiona kutoka chini, na ilikuwa ndefu kuliko nilivyodhani.

Tulipokaribia Huntsville misonobari ilianza, mirefu na myeusi pande zote mbili. Tukaingia mahali pa kupumzikia wasafiri, tukatandika mkeka kwenye nyasi, tukaswali alasiri, mimi mbele na Rehema nyuma. Nasra ana mchezo wake wa kumpanda mgongoni mtu anayesujudu. Nilimsikia akimpanda mama yake, akicheka peke yake. Mgongo wangu ulikuwa wazi pale mbele, nami nikarefusha sijda kidogo kuliko kawaida. Alikuja hadi karibu, nikaisikia pumzi yake, halafu akazunguka akarudi nyuma.

*

Jua linazama tulifika Houston, kwa ami yake Rehema, Ami Twalib, mzee mchangamfu anayebeba abiria kwa gari lake, na mkewe Bi Saumu. Ghorofa yao ilinukia nazi kuanzia kwenye ngazi. Bi Saumu alikuwa ametupikia wali na samaki wa kupaka, na kabla hatujavua viatu alishauliza kwa nini Rehema amekonda.

Nasra alisimama katikati ya sebule, akamtazama Ami Twalib, akatazama ndevu zake nyeupe, akamwendea moja kwa moja akapanda mapajani. Alizivuta zile ndevu kwa mikono miwili. Mzee akapiga kelele za uongo, mtoto akacheka mpaka akapata kwikwi.

Niliinamia sahani yangu, nikala haraka haraka bila kuinua macho.

Ami Twalib aliniona. "Mwanangu, si mimi," akasema kwa haya. "Ni ndevu hizi. Watoto wazipenda ndevu tu."

"Basi nitafuga, Ami," nikamjibu. Wote tukacheka, na Bi Saumu akanijazia tena sahani bila kuniuliza.

*

Jumamosi asubuhi tuliendelea hadi Galveston, mwendo wa saa moja hivi. Ukishavuka daraja refu la kuingia kisiwani, mwari, wale ndege wa baharini wenye midomo mikubwa, wanaruka sambamba na gari, vifua vizito, kama wanakusindikiza. Rehema alikuwa amenyamaza tangu Houston. Nilidhani anasubiri bahari. Tulipoiona alisimamisha gari kando ya ukuta mrefu wa ufukweni, akaitazama.

"Bahari gani hii?" akasema. "Mbona kama chai ya maziwa?"

Ni kweli. Maji ya pale ni ya hudhurungi, na siku ile mwani ulikuwa umelala mstari mzima pwani. Lakini upepo ulikuwa na chumvi. Rehema alifunga macho akauvuta, kisha nikaona ameweka kiganja kwenye jicho la kushoto. Hapo nikajua kwa nini alikuwa kimya. Kilikuwa kipandauso chake, kile cha tangu usichana, ambacho kikimjia hawezi kustahimili mwanga wala sauti.

Tulikuwa tumekodi chumba kidogo nyuma ya barabara ya pwani. Nikamlaza, nikavuta mapazia, nikamwekea kitambaa cha maji ya baridi.

"Mtoe mtoto nje," akanong'ona. "Mwende ufukweni. Nikilala nitapoa."

"Atalia, Mama Nasra."

"Na alie. Babake yupo."

Akanipa simu yake, endapo Nasra atataka nyimbo zake, akageukia ukuta.

Basi tukatoka. Nasra alitembea vizuri mpaka alipogeuka nyuma na kuona mama yake haji. Alijitupa chini. Nikambeba. Akajikunja kama upinde na kupiga kelele, "No! Mama! No!" Nilivuka barabara naye namna hiyo, mfuko wa nepi begani, watu wakitugeukia. Ufukweni nilimweka kwenye mchanga, nikamwonyesha ndege, nikamwonyesha mawimbi, nikajifanya nimeanguka. Kila nilichofanya kilizidisha. Familia moja iliyokuwa chini ya mwavuli iliacha kula. Mwanamke mmoja akainuka, akaenda kuzungumza na mlinzi wa waogeleaji, nami nikajua anazungumza habari gani.

Mlinzi alikuja, msichana mwenye fulana nyekundu, hata miaka ishirini na mbili sidhani amefika. Hakuwa na ubaya. Alipiga magoti mchangani, akamwuliza Nasra kwa sauti laini, "Mpenzi, huyu ni baba yako?"

Nasra akanitazama. Akatikisa kichwa.

"No," akasema.

Sitaki kuwaeleza sana nilivyojisikia. Nilikuwa mtu mzima, mweusi, ugenini, mbele ya watu wanaonitazama, na mtoto wangu wa kumzaa ananikana. Lakini hofu ya watu haikuniuma kama lile neno. Msichana aliniinulia macho na kuniuliza mama wa mtoto yuko wapi. Nikamwambia yuko chumbani, mgonjwa, na simu yake ninayo mimi. Nilisikia mwenyewe jinsi maelezo hayo yalivyosikika.

Ndipo nikakumbuka namna Nasra alivyozoea kuniona. Nikampa mkononi simu ya mama yake. Nikarudi nyuma hatua chache, nikatoa yangu, nikapiga simu ya video. Ile ya mama yake ikalia mlio wake. Nasra, machozi yanamtiririka, akabonyeza mahali panapobonyezwa.

"Baba!" akasema.

Kilio kilikatika papo hapo. Alitabasamu na kamasi zake, akaibusu simu. "Baba! Baba, mama lala."

"Naam, mwanangu," nikasema. "Mama amelala. Kichwa kinamuuma."

Msichana wa fulana nyekundu akatazama kioo, akanitazama mimi, akatazama kioo tena. Akaziba mdomo kwa mkono. Sijui kama alikuwa anacheka au la. Alisimama taratibu, akampungia mkono yule mwanamke kumwonyesha mambo ni salama.

Nasra hakumwona. Kuna kitu kilikuwa kinamsumbua. Sauti yangu ilimjia mara mbili, moja mkononi na moja hewani. Nikashusha simu yangu kidogo, na bila shaka kwenye kioo chake uso ukapotea zikabaki mbingu tupu. Aliinamisha simu, akachungulia nyuma yake. Akainua macho.

"Baba?" akauliza.

"Naam, mama."

Akaja, anatembea polepole kwa sababu ya mchanga. Mimi nilikuwa nimepiga magoti na sikunyoosha mikono. Niliogopa kunyoosha mikono. Akafika, akaniwekea kidole kwenye pua, akaibonyeza. Akanigusa shavu, akanigusa sikio, akavuta kidogo, vidole vyake vyote vimejaa mchanga. Alinikagua hivyo kwa makini, kama fundi anayekagua kifaa, kisha akaketi juu ya paja langu na kuanza kumimina mchanga kwenye kiatu changu.

Tulikaa pale mpaka kiatu kikajaa, tukakimwaga, kikajaa tena. Hatukufanya jambo jingine la maana. Mchana tulikula samaki wa kukaanga kwenye kibanda kilicho mbele ya barabara. Akaninyooshea kipande chenye mwiba, nikala.

*

Jioni Rehema alitukuta nje, kwenye ngazi za chumba. Nasra alikuwa amelala kifuani kwangu, na mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi tangu zamani.

"Mbona humlazi kitandani?" akanong'ona.

"Ataamka."

Akaketi. Rangi ilikuwa imemrudi usoni. Nikamsimulia yote, hata lile "No". Alinisikiliza ameinamisha kichwa.

"Mungu wangu," akasema mwishoni. "Na kama simu ingezimika?"

"Ningekuwa polisi saa hizi."

Akaanza kucheka, akajiziba asimwamshe mtoto, na kucheka kule kukageuka kuwa machozi. Akaniegemea bega lililobaki.

*

Jumapili asubuhi, mama akiwa mzima, tulipanda kivuko cha bure kinachovusha magari kwenda Bolivar, ng'ambo ya pili. Shakwe walitufuata kwa kelele. Mmoja akashuka akanyakua kipande cha mkate mkononi mwa Nasra. Aliyepiga ukelele ni Rehema, si mtoto. Nasra alitazama kiganja chake kitupu, akatazama juu, akasema, "Again!" Tukamaliza mkate wote. Tulipokuwa tunarudi pomboo wawili walijitokeza kando ya chombo, wakapiga mbizi, na mume na mke wazee waliokuwa karibu nasi walitupisha ili mtoto aone. Nilimbeba mabegani. Alinishika masikio yote mawili, kwa nguvu.

Njia ya kurudi niliendesha mimi. Nasra alilala kabla hata ya Houston. Tulipokuwa katika misonobari Rehema, ambaye nilidhani naye amelala, alisema, "Mimi sitakwambia usiende California."

"Najua."

"Ukiipenda, nenda. Ila usiniambie waenda kwa ajili yetu. Hilo tu."

Aliyasema bila hasira, na alikuwa amenijua vizuri. Huko nyuma nimesema nalipenda jangwa lisilo na mtu wa kunisemesha. Kwa kilomita nyingi nilijaribu kuliwaza jangwa lile, nikashindwa kulipata kama nilivyokuwa nikilipata. Tuliposimama kuweka mafuta niliwaandikia kampuni kwamba nachukua njia ya Houston. Nikarudi garini nikamwambia. Rehema aliitikia kwa kichwa tu, akatazama nje upande wake, lakini mkono wake aliuweka juu ya wangu kwenye gia mpaka tulipofika Ennis, karibu na nyumbani.

Mtaniuliza nilijifunza nini. Nilidhani nikishakuwa baba wa mtoto, nimekuwa, na kazi yangu ni kutafuta riziki. Galveston nilijifunza kwamba mtoto anataka akuguse pua. Sina jambo kubwa zaidi ya hilo la kuwaletea kutoka baharini.

Jumatatu alfajiri niliamka kwenda kuchukua lori. Nilinyata, viatu mkononi, lakini Nasra alikuwa amesimama kwenye kitanda chake, macho wazi. Aliniona ninavaa koti. Uso ukamkunjamana taratibu, kisha akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake, cha kunyoosha mikono. Rehema akatoka chumbani, akambeba.

"Nenda," akaniambia. "Atanyamaza."

Nilishuka ngazi nikikisikia mpaka maegeshoni. Nilisimama pale nimeshika funguo, nimefurahi na nimeumia kwa pamoja, nikasikiliza mpaka kilipotulia. Kisha nikaenda Houston, nikashusha mzigo, nikageuza, na jua likiwa bado lipo nilikuwa nagonga mlango wangu.