Tope Lililokataa Kuwa na Uzito Mmoja

Kwenye mtambo wa kuchimba gesi, Mzee Koroga ndiye aliyekuwa mpishi wa tope. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kazi yake ilikuwa kuchanganya maji, udongo laini na unga mzito wa mawe, pampu zilisukume tope hilo mpaka chini kwenye keekee inayotoboa ardhi, kisha lipande likiwa limebeba vipande vya mwamba. Uzito wake ndio ulioikandamiza gesi. Likiwa jepesi, gesi inapanda, na hapo kila mtu na miguu yake.

Miaka yote alilipima kwa mizani ndogo ya mkono, na hakuna aliyewahi kumsahihisha. Alijivuna kidogo, na alikuwa na haki. Lakini wiki ile mambo yalimwendea mrama. Pampu zilizimwa kwa matengenezo. Zilipowashwa akakinga tope linalotoka kisimani, akapima: jepesi. Akaongeza unga. Akapima tena baadaye: zito kupita kiasi. Akaongeza maji. Zilipozimwa tena na kuwashwa, yakawa yale yale. Akaosha kikombe cha mizani, akapima maji matupu kuijaribu. Mizani haikuwa na kosa. Sasa kosa liko wapi kama si kwa mpimaji?

Hapo hofu ikamwingia. Kaka yake mkubwa, fundi saa, alianza hivi hivi. Alifungua saa za watu akasahau ipi ni ya nani, na leo anamwita mkewe "mama". Mzee Koroga hakuogopa tope, aliogopa kichwa chake mwenyewe. Mwezi uliopita miwani yake ilikutwa ndani ya friji, naye akaapa kwamba aliyeiweka ni mkewe. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema, tena tunasema kwa raha sana maradhi yakiwa ya mwenzetu.

"Twende hospitali, baba watoto," mkewe alimwambia.

"Nikafanye nini? Mimi mzima."

"Mzima haapi."

"Ni tope hilo. Tope ndilo lina matatizo."

"Haya. Likiwa ni tope, niambie nilale usingizi. Lisipokuwa tope, tunakwenda."

Basi asubuhi akajikaza akamwendea msimamizi wa uchimbaji, mwanamke wa umri wa binti yake. "Bosi," alisema, "mimi naona nimechoka. Napima, nikipima tena si lile. Hata sijui naanzia wapi."

Msimamizi hakucheka. Alimimina tope kwenye mrija mrefu wa kioo, akauinamisha ukutani pale ofisini, wakanywa chai. Waliporudi kuutazama, juu palikuwa na maji ya kijivu, na unga ulikuwa umeteleza ubavuni ukajishindilia chini.

"Ona, mzee wangu. Kisima chetu sasa kimeinama hivi. Pampu zikizimwa, unga unashuka. Ukiziwasha, linatangulia jepesi, linafuata zito. Umepima sawa mara zote mbili."

"Mara zote mbili?"

"Zote. Ila tope ni laini mno, halina nguvu ya kuushika unga. Nani kalilainisha?"

"Mimi. Pampu zilikuwa zinalemewa, nikatia dawa."

"Umezihurumia pampu, ukakisahau kisima."

Mzee Koroga akacheka mpaka machozi yakamtoka. Nani alishaona mtu anafurahi hivyo kwa kuambiwa amekosea? Lakini kosa la kazi ni kosa la kazi, lina dawa yake. Wakatia unga wa gundi kidogo kidogo, mpaka tope likawa likitulia linaganda kama uji uliopoa, na likisukumwa linakwenda. Ikatolewa amri pampu zisiachwe kimya muda mrefu. Mchana zilizimwa makusudi, zikawashwa, naye akapima tope lote lililotoka. Lilikuwa na uzito mmoja, mwanzo hadi mwisho.

Baada ya chakula akaenda nyuma ya stoo, akampigia mkewe. Maneno yakamtoka mbio kwa furaha.

"Mama watoto, ni tope! Unga ulikuwa unashuka chini, mimi nilikuwa napima sawa. Bosi mwenyewe kaona. Kichwa changu kizima!"

Akangoja kusikia kicheko cha mkewe.

"Upo? Hufurahi?"

"Nilifurahi," mkewe alisema taratibu. "Ulinipigia asubuhi, baba watoto, baada ya chai. Ukaniambia maneno haya haya, mpaka nikalia."

Mzee Koroga aliegemea ukuta wa stoo.

"Najua," akasema. "Nimependa tu kukuambia tena."

Alikuwa hajui.