Bafu la Mifuko ya Chumvi

Baba yangu alikuwa muuza chumvi pale Kahama, mtu wa pwani aliyefuata biashara akalowea. Dukani kwake kilichojaa kuliko chumvi yenyewe ni mifuko mitupu ya nailoni. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, bati halipatikani hata ulie, na nyasi za bafu letu zilikuwa zimeliwa na mchwa. Nami nimechumbiwa na kijana wa Kisukuma, kwao wanaleta ng'ombe wa mahari Jumamosi! Baba akaapa kwamba wakwe hawatakuta bafu la aibu.

Akachukua pasi ya mkaa, tena pasi yangu, akapanga mifuko minne minne, akatandika gazeti juu, akapitisha pasi. Nailoni ikayeyuka, ikashikana, ukatoka ubao mgumu ambao ukiugonga unalia. Mtaa mzima ulikuja kushangaa. Sisi tulikohoa siku tatu, na pasi yangu ikafa hivyo hivyo.

"Baba, mifuko si ioshwe kwanza? Bado ina chumvi."

"Wewe unajua nini? Chumvi hiyo ndiyo itakayofukuza mchwa. Niachie mwenyewe."

Haya, nikamwachia, akazisimamisha mbao zake zikawa kuta za bafu. Na kusema kweli, mchwa hawakuja.

Wageni walisema watafika alasiri. Saa nne asubuhi nikaingia kuoga. Nimejipaka sabuni utosini mpaka nyayoni, mara nasikia ukuta unalambwa. Nikadhani ni mbuzi wa jirani, nikaupiga kofi: "Toka, mshenzi wewe!" Ukuta ukatoka wote. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamewahi, wameung'oa, na wanautafuna. Nyuma yao, fimbo mkononi, amesimama baba mkwe.

Huyu ni mtu niliyefundishwa hata usoni nisimtazame. Na mimi hapo nina povu na kopo la maji, basi! Nikafanya nilivyolelewa.

"Shikamoo, baba."

Mzee akageuka upesi, akavuta kofia mpaka puani. "Marahaba, mayu," akaitikia, yaani mama kwa Kisukuma. Halafu akavua shuka lake, akalirusha nyuma bila kutazama, likamwangukia ng'ombe. Nikalinyakua, nikachuchumaa nyuma ya mtamba mmoja.

Dada wa yule mzee, aliyefuatana naye, akapiga ukunga. "Mkwe kamwona mkamwana uchi! Ndoa imekufa, ng'ombe warudi!" Baba naye akatoka mbio dukani, na badala ya kunitetea mimi akaitetea kazi yake: "Jamani, ile chumvi ni ya mchwa!" Nilikasirika. Nampenda yule kijana, halafu niachwe kwa sababu ya mchwa?

Vijana waliowaswaga wakaanza kuwageuza ng'ombe. Wapi! Waliwacharaza, wakawavuta mikia, ndimi zikabaki palepale kwenye nailoni. Ng'ombe mmoja alilegea akasogea hatua mbili, akakumbuka, akarudi. Mzee, bado amenipa mgongo, akacheka mpaka fimbo ikamponyoka.

"Mimi sikuona mtu," akasema. "Nimeona ng'ombe wangu wanakataa kuondoka nyumba hii. Sasa dada yangu, mimi ni nani niwalazimishe? Mwambieni baba wa binti awapokee."

Nikaangua kilio nyuma ya yule mtamba, kwa furaha, na kwa sauti. Wote walidhani ni sabuni imeniingia machoni.