Jina Lililomchosha Liwazo

Liwazo alizaliwa msiba ukiwa haujapoa. Kaka yake, mtoto wa kwanza, alikuwa ametangulia juzijuzi tu, na mama yao alijifungua macho bado yamevimba. Alipokabidhiwa kitoto cha kike hakuuliza kama ni kizima wala kimefanana na nani. Alisema, "Huyu ndiye liwazo langu," na neno likawa jina. Wakati ule hapakuwa na mwingine mwenye jina hilo. Shuleni wenzake walimcheka, wakasema hilo si jina, hiyo ni pole. Na maana yake ndiyo hiyo hasa, msiende kuitafuta mbali: kitu cha kumfuta mtu machozi. Jina zuri, tamu mdomoni. Ila lilikuwa na kazi, na kazi yenyewe haikuwa na likizo.

Kazi aliianza hajaota meno. Mama yake akimkumbuka marehemu, anamkwapua binti popote alipo na kumbana kifuani mpaka pumzi zinamwisha. Binti akijikwaa akalia, anaambiwa, "Na wewe ukilia, mimi nifanyeje?" Basi ananyamaza. Alijua kunyamaza kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Alipokua, sifa zikavuka ua. Palipo na msiba, "Mwiteni Liwazo." Ndoa ya mtu imevunjika, "Mpelekeni kwa Liwazo." Anakaa ubavuni mwa mfiwa, anamshika mkono, hasemi mengi. Jamani, kuliwaza ni ufundi, na huyu aliujua kwelikweli. Lakini akitoka hapo yuko hoi kama aliyeshusha magunia kutwa nzima, na hakuna aliyewahi kumuuliza mgongo unaumaje. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Kazi ya mshahara aliipata katika chumba cha kufulia cha hospitali. Shuka zinakuja kwenye toroli zimefungwa mafundo, naye anazifungua kwa glavu na kuzichambua: zenye damu huku, za wodi ya watoto kule, foronya peke yake. Zenye damu huanza na maji baridi, maana ukizikimbiza kwenye ya moto doa linashika milele. Kisha mashine, kisha kukamua, kisha ile pasi kubwa ya rola, mmoja anaingiza shuka upande huu, mwingine anapokea upande wa pili, mvuke unawachapa usoni. Jioni vidole vimekunjamana na miguu imeumuka haiingii kwenye viatu. Na hata huko hakuachwa. Nesi anachungulia mlangoni, "Bi Liwazo, kuna mama wodini kampoteza mtoto, njoo ukae naye kidogo." Anavua aproni, anakwenda. Msimamizi akinuna, shauri yake.

Hapo ndipo jina lilipoanza kuzaa. Mwanamke mmoja aliyewahi kushikwa mkono naye alipata mtoto mwingine, wa kike, akampa jina lile. Mtoto akaishi, akanenepa mashavu. Mwingine akafanya vivyo hivyo, na wake akaishi. Weee! Watu na midomo yao! Uvumi ukatambaa nyumba kwa nyumba kwamba jina lile lina uzima, mtoto aliyepewa hafi, na ushahidi ni mwenyewe, alizaliwa nyuma ya jeneza na mpaka leo anadunda. Kufumba na kufumbua, chekechea ya mtaani ikajaa akina Liwazo, mpaka mwalimu akalazimika kuwagawa: Liwazo Mnene, Liwazo wa Fundi Bomba, Liwazo Kamasi. Siku moja Bi Liwazo alikwenda kliniki kupimwa presha. Nesi alipoita jina, wakanyanyuka watu watatu, yeye na akina mama wawili wenye vitoto mgongoni. Chumba kizima kikaangua kicheko. Naye alicheka, kisha akarudi kukaa, akajiona amechoka mara tatu.

"Shoga, umekuwa maarufu," jirani yake msusi alimwambia. "Kaa kitako ule sifa zako."

"Sifa zinashibisha? Mimi hao watoto nawaonea huruma."

Msusi alidhani ni utani, akacheka mpaka kitana kikamdondoka.

Halafu msiba ukapiga hodi kwake mwenyewe. Binti yake wa pekee alikuwa na mtoto wa kiume. Homa ikampeleka wodini, hospitali ileile ya bibi yake, na hakurudi, hajajua hata kusimama dede. Mnadhani Bi Liwazo alifanya nini? Alifanya aliyoyazoea. Alimwogesha binti yake, akamlisha uji kwa kijiko, akamshika mkwe asijigonge ukutani, akapokea wageni, akarudi kwenye mashuka yake. Alijikaza kisabuni. Yule mjukuu alikuwa wake pia, alizoea kumvuta hereni na kumtemea chakula kifuani, lakini nani alikumbuka hilo? Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, na yeye watu walimhesabu miongoni mwa wa mbali.

Sasa binti amejifungua tena, salama, mtoto wa kike. Bi Liwazo alitoka kazini mchana akaunganisha moja kwa moja nyumbani kwa binti, hata nguo hakubadili, bado ananuka sabuni. Alimkuta binti yake kitandani na kichanga kimelala kwapani. Mkwe, fundi wa friji, alikuwa amesimama na chupa ya chai, anatabasamu peke yake.

"Karibu, mama," binti alisema. "Umekuja wakati mzuri. Jina tumeshapata. Anaitwa Liwazo."

"Hapana."

Alilisema kabla hajakaa. Mkwe akadhani anataniwa.

"Aa, mama! Hata Fundi Bomba kapata, sisi wa damu tunyimwe?"

"Fundi Bomba hakuniuliza. Angeniuliza ningemwambia hivyohivyo."

Binti hakucheka. Uso ulimbadilika pale pale. "Unanibania jina, mama? Watoto wa watu wote wanaishi kwa jina lako, wa kwangu tu ndiye wa kukataliwa? Yule wa kwanza sikumpa, nikaona la kizee. Unajua yaliyompata."

Kumbe ndilo lililokuwa likimla mtoto wa watu siku zote hizi! Bi Liwazo aliketi ukingoni mwa kitanda. Mkono wake ulikwisha kunyanyuka wenyewe kumshika binti, na maneno yalikuwa tayari mdomoni, yaleyale, *usiogope, mwanangu, ataishi*. Alikwisha kuyasema kwa wanawake wasio na idadi. Leo hayakutoka. Alikuwa amechoka, jamani, kachoka mpaka kwenye mifupa.

"Jina haliponyi mtu," alisema. "Mimi niliishi kwa sababu niliishi tu. Hao wa chekechea wanachanjwa, wanakula, wanakua. Hilo jina halikulindi. Linakutuma. Toka nipo mdogo linanituma, na sijawahi kulikatalia. Huyu hata macho hajafumbua vizuri, wewe ushamwajiri?"

"Mimi nataka aishi, mama, basi. Kila akilala naweka kidole puani nione kama anapumua. Niambie hatakufa."

"Siwezi."

"Wengine wote uliwaambia!"

"Niliwaambia. Wewe nitakudanganyaje? Sijui, mwanangu. Na mimi naogopa." Aliinamia mikono yake iliyokunjamana. "Shuka aliyofia mjukuu wangu niliifua mimi. Ililetwa na toroli pamoja na nyingine. Nilipofungua fundo nikaona soksi yake imejikunja ndani, ile ya njano. Nikaifua ile shuka. Nikaipiga pasi, nikaikunja, nikaipanga na wenzake. Kisha nikaja hapahapa kukulisha uji. Sikulia. Mlikuwa mnanisubiri."

Ndipo kilio kikamtoka Bi Liwazo. Kilio kibaya, cha makamasi na kwikwi, kilio cha mtu asiyejua kulia. Alijaribu kukimeza, kikamshinda. Mkwe alibaki na chupa yake mkononi, hajui aiweke wapi. Binti naye hakujua la kufanya, na angejuaje? Mjuzi wa kazi hiyo ndiye aliyekuwa akilia. Alikisogeza kichanga pembeni, akajiburuta mpaka kwa mama yake, akamkumbatia vibaya vibaya, kiwiko kikimchoma mbavuni.

"Lia, mama," alisema. "Na mimi nilikuwa sijui. Lia tu."

Wakalia wote wawili. Baadaye binti akauliza, kwa sauti ya chini, "Hiyo soksi iko wapi?"

"Ipo kazini. Kwenye kabati langu."

"Utaniletea?"

"Nitakuletea."

Binti akafuta uso kwa kiganja, akamgeukia mume wake. "Tafuta jina lingine. Lolote, mradi lisiwe na kazi."

"Lisilo na kazi," mkwe aliitikia upesi, kama aliyetumwa dukani.

Kichanga kikaamka, kikaanza kupiga kelele. Bi Liwazo, machozi bado yanamtiririka, akanyanyuka na kunyoosha mikono kwenda kukichukua. Binti akamshika nguo, akamvuta arudi kitandani.

"Kaa, mama. Baba yake yupo."

Bi Liwazo alimtazama mkwe akiweka chupa sakafuni na kuhangaika na mtoto, kichwa kinaning'inia kidogo, mkono hajui uende wapi. Alitaka kumwelekeza. Akaacha. Akakaa, akaendelea kulia.