Jina Langu Kwenye Saruji

Hili hata mke wangu hakulisikia kutoka kwangu.

Kila masika yakikaribia, sisi wa nyumba kumi huku mlimani Igogo hujitolea kutengeneza njia ya miguu na kuzibua mtaro wake. Safari hii Bibi Nyamizi, anayekaa kando ya njia, aliniona nikiupimapima ule mtaro.

"Mwalimu, usiyageuze maji. Yana njia yake tangu zamani."

Nikacheka. Mwanafunzi wangu wa kisomo cha watu wazima, miezi minane bado "ba" na "da" zinamchanganya, leo anifundishe maji! Jioni, wenzangu walipokwisha ondoka, nikajenga kizuizi cha mawe na saruji, nikayageuza maji yasiikate tena njia yetu. Saruji ikiwa mbichi nikachora jina langu kwa msumari, wapitanjia walione.

Mvua ikaja alfajiri. Tulimkuta bibi nje, kalowa chapachapa, ukuta mmoja umelala chini, na mtama wake wa mwaka mzima umechanganyika na tope.

"Nani kageuza mtaro?" balozi wetu wa nyumba kumi aliuliza kwa ukali.

Wenzangu wakatazamana. Mimi hata nilitikisa kichwa, kama mtu anayewasikitikia wajinga.

Bibi Nyamizi akakiendea kizuizi, akapangusa tope kwa upindo wa kanga, akaweka kidole chini ya herufi kama nilivyomfundisha.

"Mwa... li... mu," alisoma polepole. "Ma... sa... nja."

Akanigeukia.

"Nimepatia, mwalimu?"