Siku Niliyomtandikia Mama Mkwe Majani

Jamani, nilikuwa nimeapa sitaisema habari hii, lakini kwa kuwa Mugoma nzima inaijua, na wengine wanaisimulia wakiwa wameshaitia chumvi, bora muisikie kwa mwenye aibu yake. Mimi ndiye yule mwanamke aliyemwekea mama mkwe wake msiba, na mama mkwe mwenyewe yuko hai, yuko njiani, anakula mahindi ya kuchoma kwenye gari.

Chanzo ni godoro. Mama mkwe wangu, Bibi Leokadia, ana pumu, na alikuwa amekaa muda mrefu Biharamulo kwa wifi yangu Evodia akitibiwa kifua. Sasa alikuwa anarudi kwetu, na mimi na yeye (niseme ukweli) hatukuwa tunaiva. Yeye huniona mtu wa pupa, kwamba kitu kikiniingia kichwani lazima kifanyike saa hiyohiyo, na mara ya mwisho alipokuja nilikuwa nimepaka rangi chumba chake asubuhi ileile ya kufika kwake, akabanwa kifua, akarudi Biharamulo hata begi hajafungua. Mume wangu, Baba Dativa, hakunigombeza, alinyamaza tu, na bora angenigombeza. Kwa hiyo safari hii nikasema mama akifika atapumua, atakaa, na hatarudi tena Biharamulo kwa ajili yangu.

Nikanunua godoro jipya la sponji pale Kabanga, nene, la maua, nikaliacha na nailoni yake mpaka siku yenyewe ili alikute jipya kabisa. Asubuhi Baba Dativa akaenda kwenye mitumba yake hukohuko Kabanga, mimi nikachana nailoni, nikafunga dirisha vumbi lisiingie, nikatandika, nikaenda kuosha vyombo. Niliporudi, harufu niliyokutana nayo mlangoni! Gundi ya fundi viatu na rangi ya mafuta kwa pamoja. Macho yakawasha, machozi yakatiririka, kichwa kikaanza kunigonga, nikajiona nimeshika jembe namchimbia mama mkwe kaburi.

Nikampigia muuguzi wa zahanati yetu, ambaye ni mteja wangu wa kushona (mimi ni fundi cherehani, nilisahau kuwaambia).

"Sponji inatengenezwa kwa kemikali, Mama Dativa," akaniambia, "na nyingine wanaziwekea dawa ili zisishike moto haraka. Godoro likiwa jipya linatoa hewa yake. Litoe nje, lipigwe upepo siku kadhaa. Mwenye pumu usimlaze hapo leo."

"Na anafika leo alasiri! Sasa alale juu ya nini?"

"Kuna watu wanashona magodoro ya pamba, ya sufi, hata ya majani makavu kama wazee wetu. Ila yawe safi, yamekauka kweli, yasiwe na vumbi wala ukungu."

Mtu mwenye akili zake angempa mama godoro la kitanda chake mwenyewe, lile la zamani lililomaliza kutoa harufu yake miaka mingi iliyopita, yakaisha. Mimi nikakata simu nikiwa nimeshavaa kandambili. Nikalitoa lile jipya nje, halafu nikawaza, kama ni kemikali basi si zimo kwenye yote, nikatoa na la kwetu, nikatoa na la watoto, nikayaegemeza yote ukutani. Nikaona sebule ni ndogo kwa kazi ya kujaza godoro, nikatoa viti vyote nikavipanga uani. Kitambaa nilichotaka kukishonea godoro la majani kilikuwa kipya, nacho nikakiogopa, nikaenda kwa jirani yangu Mama Faida kuazima lile sufuria kubwa la jumuiya, nikawasha moto kwenye mafiga hapo nje, nikakichemsha. Kisha nikaenda migombani, nikakata majani makavu yanayoning'inia, na nyasi nilizokuwa nimekatia banda nikazichambua, mzigo baada ya mzigo, kichwani, mlango wa mbele, sebuleni, chini. Nilikuwa nakimbia. Sikunywa hata chai.

Sasa kwa asiye wa kwetu nieleze. Zamani kila mtu alilalia majani, siku hizi kila nyumba ina godoro, na ukiona viti vimetolewa uani, sufuria kubwa limeinjikwa nje, na majani makavu yanaingizwa sebuleni, huulizi. Kuna mtu amekufa, na majani ni ya kulalia waombolezaji. Mimi nimezaliwa hapa, nimelalia majani ya misiba mingi tu, na nawaapia halikunijia kichwani hata kidogo.

Mama Faida alipita na ndoo yake, akasimama. Akaangalia viti. Akaangalia magodoro. Akaniangalia usoni, macho mekundu, kamasi, nyasi kwenye nywele.

"Ni Bibi?" akauliza polepole.

"Ni Bibi," nikamjibu, "anafika leo alasiri, na bado hata sijamaliza kutandika!"

Akatua ndoo chini, akanishika mkono, akaondoka. (Ndoo yenyewe aliiacha palepale. Hapo tu ningeshtuka.)

Nikarudi ndani kushona. Simu nilikuwa nimeiweka chini, ikafunikwa na majani, nami nikipiga cherehani sisikii kitu. Nilipoinua kichwa, watu wameanza kuingia uani. Mmoja ameleta kuni, mwingine mkungu wa ndizi, mwingine maharage kwenye kikapu, na Mzee Gervas wa jumuiya amevaa koti lake la kanisani. Roho yangu ikafurahi, nikasema moyoni watu wa Mugoma wana upendo, wamekuja kumpokea mgonjwa. Nikawapungia mkono dirishani huku nacheka! Baadaye niliambiwa walisikitika sana, wakasema uchungu umemzidi.

Halafu wanawake wakaingia sebuleni, wakavua kanga za mabegani, wakakaa juu ya majani yangu. Nikakereka kweli. Nimechambua asubuhi nzima, jani kwa jani, wao wanayakalia na miguu ya vumbi.

"Jamani, inukeni kidogo, hayo ni ya Bibi!"

Ndipo Mama Faida akaachia kilio. Na wengine wote wakapokea.

Nilibaki na sindano mkononi. Nikafungua mdomo kuuliza nani amekufa, pikipiki ikafunga breki nje, akateremka Baba Dativa, kofia ngumu bado iko kichwani, akaanguka chini pale uani kati ya viti. "Mama! Mama yangu, sikukuaga!" Dereva wa bodaboda mmoja alipita kwetu akaona viti nje, akapeleka habari Kabanga; mume wangu akanipigia simu, sipokei, akampigia wifi, hapatikani. Mwanamume ambaye sijawahi kuona chozi lake alikuwa anapiga udongo kwa viganja.

Hapo nikaelewa. Mlolongo wote ukanijia kwa mpigo, majani, viti, sufuria. Nikataka kutoka nipige kelele kwamba mama ni mzima, lakini mlango umejaa wanawake wanaolia, wananishika, wananikalisha, "Tulia, Mama Dativa, jikaze," na kadiri ninavyosema "Hajafa!" ndivyo wanavyozidi kunikumbatia.

Na gari likaingia.

Watu wakalikimbilia wakijua ni mwili. Mlango ukafunguka, akashuka wifi Evodia, na nyuma yake Bibi Leokadia kwa miguu yake, gunzi la hindi mkononi. Aliyekuwa na mkungu wa ndizi aliuangusha, na Mzee Gervas na koti lake aliruka mfereji ambao siku zote huuzunguka. Lakini Bibi hakuwaona hao. Aliona viti, akaona majani, akaona mwanawe chini analia, akatafuta kwa macho mtu ambaye hayupo. Mimi.

"Mkwe wangu!" akalia. "Mwana wanje! Mmemfanya nini mtoto wangu?"

Akakaa chini, akaanza kubanwa, ule mluzi wa kifua nausikia mpaka ndani. Sijui nilipata wapi nguvu, nilipita katikati ya wale wanawake, nikatoka na nyasi kichwani na uzi umeninasa mguuni, nikapiga magoti mbele yake. "Mama, nipo. Nipo, mama. Vuta pumzi." Wifi akampa dawa ya kuvuta. Akavuta, akavuta tena, mkono wake mmoja umenishika sikio kwa nguvu ambazo mgonjwa hana. Baba Dativa alikuwa anatuangalia wote wawili na mdomo wazi, hajui aanze na nani.

Kilichofuata ni kucheka, maana chakula kilikuwa kimekuja na watu walikuwa wamejaa. Tukapika kila kitu. Bibi akakataa katakata godoro la majani. "Silali kwenye msiba wangu mwenyewe," akasema, na akapewa lile la kwetu la zamani. La majani tukalilalia mimi na mume wangu, na niwaambie, halina harufu wala kichwa hakiniumi, ingawa ukigeuka linapiga kelele.

Asubuhi nilimpelekea chai. Akataka nimtajie majirani mmoja mmoja, nani alilia kwa sauti, nani alijifunika uso tu, nani hakutokea kabisa. Nikamwambia yote. Akanywa, akaniangalia.

"Na wewe ulinililia?"

"Hapana, mama. Mimi nilikuwa nakutandikia."

Akaweka kikombe chini, akaniambia nimletee begi lake alifungue.

Sitarudia, nawaambia ukweli. Siku hizi hata nikitaka kuanika mkeka, naanza kwa Mama Faida, namwambia kwa mdomo wangu kwamba kwetu wote ni wazima, ndipo nautoa nje.