Niliapa Biskuti Zangu Hazina Samli

Admin, nifichie jina, maana huku Texas Wazanzibari tunajuana. Mke wangu anausoma ukurasa huu kila siku. Akiyaona haya atajijua, na ajijue.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na sita, mzaliwa wa Unguja, dereva wa abiria wa uwanja wa ndege. Naishi Fort Worth na mke wangu na binti yetu wa pekee, nimwite Zuhra, ana miaka kumi na sita. Nimechoka, jamani, na kilichonichosha ni biskuti.

Mwaka jana Zuhra alitangaza kwamba hali tena chochote kitokacho kwa mnyama. Nyama, samaki, mayai, maziwa, vyote basi. Sasa sisi tunakula sinia moja, ndivyo tulivyolelewa na ndivyo tulivyomlea. Mtoto akaanza kuchukua kibakuli chake, anaingia chumbani, anafunga mlango. Mama yake akasema, "Mwache, njaa itamtoa." Haikumtoa. Kwa miezi tukala wawili, upande wake wa sinia hauguswi, na mimi chakula hakinipiti.

Siku moja ndani ya gari akaniambia kitu anachokikosa kuliko vyote ni zile biskuti za chumvi zenye ladha ya jibini alizokuwa akila utotoni. Nikatafuta kwenye simu, nikaona mbona rahisi. Unga wa ngano, mafuta ya alizeti, korosho za kusaga, unga wa kitunguu saumu, chumvi, ndimu, na ile chachu ya njano ya kopo ambayo haiumui kitu ila ina ladha ya jibini kabisa. Unakanda, unauacha unga upumzike, unasukuma mwembamba, unakata vipande vya mraba, unatoboa katikati kwa kijiti cha meno, unaoka.

Mimi ambaye sijawahi hata kupika chai! Za kwanza zilikuwa ngumu, Zuhra alicheka mpaka akakaa chini. Lakini alicheka, na alikaa jikoni na mimi. Akaniuliza, "Baba, hakuna maziwa humu? Promise?" Nikamwambia, "Wallahi mwanangu, hamna kitu cha mnyama." Akaniamini.

Wiki ya tatu biskuti zikageuka. Laini, zinavunjika vizuri mdomoni, zinanukia nyumba nzima. Nikajiona fundi. Nikawatumia picha mpaka ndugu zangu wa Unguja. Zuhra akawa anazipeleka shule kwa marafiki zake wasiokula vya mnyama kama yeye. Na jioni akaanza kukaa nasi tena kwenye sinia, kibakuli chake pembeni, anatuhadithia mambo ya shule. Nilikuwa na furaha, siwafichi.

Ijumaa moja niliacha unga jikoni unapumzika, nikaenda kuswali. Niliporudi nikakuta kopo la samli liko wazi kando ya bakuli, na donge la samli limekaa juu ya unga wangu, halijakandwa. Nikalishika lile kopo nikishangaa. Wakati huohuo mlango ukafunguliwa, Zuhra katoka shule mapema. Akaangalia kopo, akaangalia unga, akaniangalia mimi.

"So ulikuwa unanidanganya the whole time?"

Mke wangu alikuwa kibarazani na simu sikioni. Nilimwona kupitia kioo, na yeye ametuona, uso umemshuka. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, kwamba si mimi. Sikulisema.

"Uliapa, Baba. Ulisema wallahi."

Kesho yake shangazi yake, dada yangu anayeishi Pearland, alikuja kumchukua. Huu ni mwezi wa pili yuko huko.

Nilipomuuliza mke wangu, hakukataa. "Tangu wiki ya tatu," akasema. "Mtoto anakonda, na biskuti zako zilikuwa mawe. Unga bila samli ni unga huo? Kijiko kimoja tu. Na samli si maziwa, maziwa yameshaungua yote." Nikamwuliza mbona aliniacha nijisifu mbele ya watu. Akasema, "Ulikuwa umefurahi, baba Zuhra. Ningekuvunjaje?" Halafu akalia. "Usimwambie ni mimi. Wewe ni baba, wewe atakusamehe. Mimi hatakula mkononi mwangu tena mpaka nife."

Nina hasira. Hasira na mke, hasira na mimi mwenyewe niliyeamini kwamba nimekuwa fundi kwa wiki tatu. Kiapo changu kwa Mungu kimegeuzwa uongo bila mimi kujua, na mtoto wangu sasa ananihesabu mwongo. Simu zangu hapokei. Anajibu kwa maandishi, neno moja, "Okay."

Jumamosi naenda Pearland, nitake nisitake. Jana nimekanda upya, kopo la samli nikalifungia ndani ya buti la gari, sikuondoka jikoni hata kwenda chooni mpaka nilipomaliza kuoka. Nimezionja. Ngumu zilezile za mwanzo. Hizi ndizo zangu za kweli, na ndizo pekee ninazoweza kumwapia.

Ila Zuhra si mjinga. Nikimwapia kwamba hivi ndivyo nilivyokanda siku zote, akiuma moja tu atajua kwamba zile nzuri sikuzipika mimi peke yangu, na nyumbani kwetu tuko watatu tu. Hata nisipomtaja mimi, biskuti itamtaja mama yake.

Nimpe, au nifike mikono mitupu niendelee kuwa mwongo? Nyinyi wenye watoto, niambieni, nifanyeje? Bati la biskuti liko mbele yangu hapa, na Jumamosi ni keshokutwa.